Mbwa Aliyelowa: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Likizo Tiwi

Nyumba yenyewe iko Tiwi, kusini mwa Mombasa upande wa Kwale, hatua sitini hivi kutoka ufuoni. Ina vyumba viwili vya kulala, sebule, jikoni, na baraza pana linalotazama bahari. Kuta ni za matumbawe yasiyopigwa lipu, paa ni la makuti juu ya boriti. Mwenye nyumba anaishi Mombasa. Wanaoiangalia ni mtunzaji na mkewe, Wadigo Waislamu wa kijiji cha karibu: mume anashughulikia ua, pampu na ulinzi wa usiku, mke anafanya usafi, kupika na kufua. Siku moja mwenye nyumba aliongeza maneno matatu kwenye tangazo lake: "Mbwa pia wanakaribishwa." Hakubadilisha kitu kingine chochote, si mfereji, si kufuli, si mazungumzo na wafanyakazi wake.

Kisa hiki kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba za mashambani mwa pwani, kwa hiyo hakuna mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Lakini kila kinachosimuliwa hapa hutokea, na mara nyingi hutokea kwa mpangilio huuhuu.

Siku nne za Desemba

Familia ya watu wanne ilitoka Nyali tarehe 27 Desemba na mbwa wawili: German Shepherd wa kilo 34 na spitz mweupe wa kilo 7. Walifika saa saba mchana, baada ya foleni ndefu ya feri ya Likoni. Mbwa walikuwa wamehema njia nzima. Mlango wa gari ulipofunguliwa, walikimbia moja kwa moja hadi majini, wakaogelea, wakala mchanga, wakarudi mbio, wakapita barazani na kuingia sebuleni. Hapo ndipo yule mkubwa alipojikung'uta. Maji yalirukia ukuta, viti, na dera la mke wa mtunzaji aliyekuwa amebeba sinia ya chakula.

Aliweka sinia, akaaga, akaenda kwake kubadilisha nguo. Siku ya pili alichelewa. Siku ya tatu alifagia vyumba, akatandika vitanda, lakini shuka mbili alizolalia spitz alizikunja na kuziweka pembeni bila kufua. Wageni walimwandikia mwenye nyumba, naye akapiga simu.

"Mama, mbona wageni wanasema shuka hazijafuliwa?"

"Mwanangu, shuka za watu nimefua zote. Hizo mbili zimelowa mate ya mbwa, na mfereji ni mmoja, karai ni moja, na karai hilo ndilo ninalofulia kanzu ya mume wangu. Ungeniambia mapema ningejipanga."

Mwenye nyumba aliuona huo kuwa ukaidi. Alikosea, na kosa hilo ndilo mzizi wa yaliyobaki, kwa sababu alipoacha kumsikiliza mama yule alikosa pia kusikia jambo la pili alilolisema siku ileile: kwamba mbwa mkubwa alikuwa na kupe masikioni.

Usiku wa siku ya pili German Shepherd aliharisha mara nne. Tarehe 31 wageni waliondoka, amana yao ikarudishwa yote. Nyumba ikakaa wazi wiki tano. Tarehe 7 Februari wakaingia wageni wengine, wasio na mbwa, na asubuhi ya kwanza wakatuma picha ya pazia la chumbani. Juu yake kulikuwa na vitone vya kahawia, vidogo kuliko punje ya ufuta, kama vumbi linalotembea. Mwenye nyumba alimlaumu kwanza mke wa mtunzaji kwa uchafu, kisha akawatafuta wageni wa Desemba awadai fedha za dawa.

Tatizo ni umajimaji

Waislamu wengi wa mwambao wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na mate yake au na mwili wake uliolowa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hili linajulikana na kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani. Kinachosahaulika na wenye nyumba ni upande wa pili wa hukumu hiyohiyo: kikavu kinapogusa kikavu, najisi haihami. Mbwa mkavu anayepita karibu na nguo kavu hamlazimishi mtu kufua chochote. Mbwa aliyetoka baharini akajikung'uta, huyo amemharibia mfanyakazi wako nguo ya sala, na alasiri inakaribia.

Kwa hiyo mtu anayesema "wafanyakazi wa pwani hawataki mbwa" hajachunguza. Mke wa mtunzaji katika kisa hiki aliwapikia wageni siku zote nne na kupita karibu na mbwa mara ishirini kwa siku. Alichokataa ni shuka mbili zenye mate na karai moja. Ukiyaangalia madai yake kwa makini, ni madai ya mabomba na vyombo: mahali mbwa anaposuuziwa na kukaushwa kabla hajafika barazani, chombo cha kufulia kisichochanganywa na kingine, na taarifa siku moja kabla.

Na jambo zuri, ambalo mwenye nyumba hakuliona kwa sababu ya hasira, ni kwamba kituo hichohicho cha kusuuzia mbwa ndicho kinachozuia mchanga usikwangue sakafu ya niru (chokaa iliyolainishwa), chumvi isimwashe mbwa ngozi, na ndipo mahali pekee ambapo mtu atamshika mbwa mkono kwa mkono dakika tano, akapata nafasi ya kumtafuta kupe. Ujenzi mmoja mdogo unajibu matatizo manne.

Kituo cha kusuuzia kinavyojengwa

Kiwekwe kwenye njia itokayo ufuoni, kabla ya baraza. Kikijengwa nyuma ya nyumba hakitatumika hata siku moja, kwa kuwa mbwa aliyelowa hufuata njia fupi. Hapo Tiwi palihitajika pia seng'enge ya mita 1.5 kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye ua wa jirani, yenye kilango kimoja, na kilango hicho kinafungukia moja kwa moja kwenye kituo. Chini, seng'enge ifukiwe sentimita 30 ndani ya mchanga. Bila hivyo mbwa mdogo atafukua na kupita usiku wa kwanza.

Sakafu ya zege ya mita 1.5 kwa 1.5 inatosha. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, na uso uachwe na mikwaruzo ya fagio ili kucha zisiteleze. Bomba la kutolea maji liwe la milimita 50 au zaidi, lenye chujio linalong'oka, likielekea kwenye shimo la kokoto lenye kina cha mita moja. Chujio linasafishwa kila siku. Likisahauliwa, manyoya na mchanga hushikana kama gundi, na siku ya tatu maji yanatuama, mbu wanazaliana. Kulabu ya kufungia kamba iwekwe kimo cha sentimita 60 kutoka chini, ya chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi huila kulabu ya kawaida ndani ya msimu mmoja.

Maji ndiyo yanayowakwaza wengi. Visima vingi vya ufuoni ni vya maji ya chumvi. Ukimsuuza mbwa kwa maji hayo unamwongezea chumvi juu ya chumvi, na usiku atajikuna hadi atoke damu. Kituo kiunganishwe na tangi la maji matamu. Hesabu yake: mbwa mkubwa hutumia lita 25 akisuuzwa vizuri, mdogo lita 10. Wakiogelea mara mbili kwa siku ni lita 70, na kwa siku nne ni lita 280. Nyumba inayonunua maji ya boza iziingize lita hizo katika bei, badala ya kuwakasirikia wageni mtungi unapokauka.

Pembeni pawe na ndoo na karai vya rangi moja, kwa mfano nyekundu, ambavyo ni vya mbwa peke yake na havihamishwi hadi jikoni kwa dharura yoyote. Taulo mbili kuukuu kwa kila mbwa zitundikwe hapohapo, pamoja na debe la udongo safi lenye kifuniko kwa ajili ya anayehitaji kutwaharisha kitu. Ni jambo dogo, na linamwambia mfanyakazi kwamba amefikiriwa. Mbwa aje na matandiko yake na vyombo vyake vya kulia. Asilishwe katika sufuria ya nyumba, hata ile iliyochakaa. Kufua matandiko ya mbwa kuwe kazi ya mgeni, au ya mtu aliyekubali waziwazi na kulipwa pembeni. Katika kisa hiki kijana mmoja wa kijijini asiye na kizuizi hicho alikuwa tayari kabisa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Matandiko yakishafuliwa yakaushwe juani hadi yawe makavu kabisa, tena yakitundikwa juu, si kwenye nyasi. Nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, na mabuu yake huingia ngozini mwa mbwa na mwa binadamu. Pasi ya moto huyaua mayai hayo.

Vumbi linalotembea

Sasa tarehe 7 Februari. Swali la kwanza lisiwe "nani ameleta?", liwe "hawa wana miguu mingapi?" Kioo cha kukuzia, au kamera ya simu iliyosogezwa, inatosha. Kupe mzima ana miguu minane. Mtoto wa kupe aliyetoka yaini punde ana sita. Wale wa pazia walikuwa na miguu sita, kwa mamia. Maana yake ni moja: hawakuja na begi la mtu. Wamezaliwa ndani ya chumba kile.

Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia inayomtofautisha na kupe wa ng'ombe tunaowaona malishoni: anapenda nyumba. Anaweza kuishi kizazi baada ya kizazi ndani ya kuta bila kugusa jani. Jike akishashiba damu, jambo linalomchukua kama wiki, hudondoka kutoka kwa mbwa na kupanda juu kutafuta ufa. Kupanda ndiko kunakowapoteza wengi, kwani watu hupuliza dawa sakafuni na chini ya vitanda, kumbe jike yuko juu ya fremu ya dirisha au mahali boriti inapokutana na ukuta. Siku chache baadaye huanza kutaga, na hutaga maelfu ya mayai kwa muda wa wiki mbili hivi. Katika joto la pwani mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hadi nne au tano.

Piga hesabu kutoka Desemba. Jike aliyedondoka tarehe 28 huanza kutaga mwanzoni mwa Januari. Mayai ya kwanza huanguliwa kuanzia tarehe 20 hivi, mengine huendelea hadi Februari. Watoto wakishatoka hupanda sehemu iliyo wazi, kama vile pazia, na kungoja mnyama apite. Wiki sita kati ya kufika kwa wageni wa Desemba na picha ya pazia zinalingana barabara na kizazi kimoja. Matumbawe yasiyopigwa lipu ni makazi bora kwao kuliko ukuta wowote mwingine, kila tundu ni chumba.

Je, wageni wa Desemba ndio wa kulaumiwa? Inawezekana sana, na bado haithibitiki. Mtunzaji alisema, alipoulizwa kwa upole, kwamba tangu mwezi wa Novemba mbwa mmoja wa kijijini hulala barazani usiku nyumba isipokuwa na watu. Mbwa huyo naye ana kupe. Hakuna mtu aliyewakagua mbwa wa wageni walipofika wala walipoondoka, hakuna picha, hakuna karatasi. Dai la fedha halikuwa na miguu ya kusimamia, na mwenye nyumba alifanya vyema kuliacha. La muhimu zaidi ni kwamba mbwa wa kijijini, awe ndiye chanzo au asiwe, ndiye angewalisha watoto wale wakue. Bila mnyama wa kumnyonya, hasa mbwa, mtoto wa kupe hawezi kuendelea kukua. Anaweza tu kungoja, na kungoja anaweza miezi mingi. Kupe mzima asiyekula huweza kuvumilia zaidi ya mwaka. Ndiyo sababu "tufunge nyumba mwezi mmoja wafe njaa" si dawa.

Wala si suala la kinyaa peke yake. Kupe huyu humpa mbwa maradhi mabaya ya damu, na akimkosa mbwa humuuma mtu, naye anaweza kumwambukiza homa ya kupe: homa kali, kichwa kuuma, vipele, na mara nyingine kidonda cheusi alipouma. Mgeni aliyeondoka kwenye nyumba hiyo akapata homa, mwambie amtajie daktari habari ya kupe, asikubali kutibiwa malaria kwa kukisia.

Namna nyumba ilivyosafishwa

Mazingira yalitaka mipulizo mitatu, na mipasuko kuzibwa katikati. Mpulizo mmoja huua waliopo na kuyaacha mayai. Siku kumi baadaye watu husema dawa ni bandia, kumbe dawa ilikuwa nzuri na waliozaliwa ni wapya.

Siku ya kwanza: mapazia, vyandarua na shuka vilitolewa, vikafuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Magodoro yakasimamishwa juani. Buibui, vumbi na mchanga vikafagiwa kutoka juu kuelekea chini, na takataka zikachomwa, si kutupwa nyuma ya ua. Kisha dawa ya kundi la pairethroidi iliyoandikwa kwenye lebo kuwa ni ya kupe majumbani, ikachanganywa kwa kipimo cha lebo. Kwa ukuta laini mchanganyiko wa lita 5 hutosha mita za mraba 100. Matumbawe hunywa, kwa hiyo ukuta kama huu unahitaji karibu mara mbili. Pampu ya kupulizia ilianzia kwenye boriti na sehemu ya juu ya kuta, ikashuka kwenye fremu, nyuma ya kabati, viungo vya vitanda, kisha sakafu ya baraza na chini ya viti vyake. Aliyepuliza alivaa barakoa, glavu na mikono mirefu, na nyumba ikakaa tupu hadi dawa ilipokauka, madirisha yakafunguliwa siku nzima.

Tahadhari tatu zisizojadiliwa. Dawa hizi ni sumu kali kwa samaki, kaa na kamba, kwa hiyo pampu isisafishwe ufuoni wala masalio yasimwagwe kwenye mfereji unaoelekea baharini. Permethrini, mojawapo ya kundi hilo, huweza kumuua paka, na paka wa kijiji hupenda kulala kwenye sakafu baridi. Na mafuta ya taa yasipulizwe kabisa kwenye makuti, ingawa wazee wengine hushauri hivyo: cheche moja ya jiko inatosha.

Siku ya tano hadi ya kumi fundi aliziba mipasuko ya kuta za ndani kwa mchanganyiko wa sementi kipimo kimoja, chokaa kipimo kimoja na mchanga vipimo sita. Mchanga wa ufuoni haukutumika, kwa sababu chumvi yake huubomoa mchanganyiko huo taratibu na ufa hurudi. Si lazima ukuta wote upigwe lipu na uzuri wa matumbawe upotee. Kinachozibwa ni mashimo na maungio, kwa uangalifu zaidi katika mita moja ya juu. Mpulizo wa pili ulifanyika siku ya 18, wa tatu siku ya 38. Kati ya mipulizo, kitambaa cheupe kiliburutwa kuzunguka kuta kila baada ya siku tatu, kwani juu ya kitambaa cheupe watoto wa kupe huonekana mara moja. Na mbwa wa kijijini hakufukuzwa kwa mawe. Mwenye mbwa huyo alitafutwa, mbwa akapewa tiba ya kupe kwa gharama ya nyumba, na barazani pakawekwa kilango. Matumizi hayo hayakuwa sadaka, kwani mbwa yule asingetibiwa, kuta zingejaa tena.

Yaliyompata mbwa mwenyewe

Kuharisha kwa usiku wa pili kulikuwa kwa maji ya bahari. Mbwa mwenye joto hunywa anachokiona. Akinywa kidogo huharisha, akinywa sana chumvi humlevya, atapike, atetemeke, na hapo ni daktari wa wanyama bila kusubiri asubuhi. Kinga ni chupa ya maji matamu ya lita moja mkononi na kumnywesha kila dakika 15 au 20. Ukunda ni karibu na Tiwi kuliko Mombasa. Nambari ya daktari wa huko ibandikwe ukutani, tena ijaribiwe kwa kupigwa kabla ya msimu.

Foleni ya feri ilikuwa hatari kuliko bahari. Gari lililozimwa nje kukiwa na nyuzi 30, ndani hupita 40 kwa dakika kumi. Mbwa hapoi kwa jasho kama mtu, hupoa kwa kuhema, na unyevu wa pwani huifanya njia hiyo kuwa dhaifu. Mwenye mbwa apite barabara ya Dongo Kundu, kutoka Miritini hadi Kibundani, hata kama ni mzunguko kwa anayetoka Nyali, kwa vile gari halisimami. Akilazimika kupanda feri, basi alfajiri. Mbwa aliyezidiwa na joto, anayeyumba na ulimi umekuwa mwekundu mno, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa papo hapo, ndipo apelekwe kwa daktari. Kumkimbiza kwanza ni kumpoteza njiani.

Matembezi yawe kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu asubuhi, na tena baada ya saa kumi na moja jioni. Weka kiganja juu ya mchanga kwa sekunde saba. Ukishindwa, nyayo zake pia zitaungua. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hupwa mbali na mwamba hubaki wazi. Hapo pana viumbe vya baharini vyenye miiba myeusi mirefu, na mara nyingine samaki bunju aliyekufa. Bunju huyo ana sumu hata akiwa mkavu, na mbwa akimla huweza kufa. Usiku mbwa afungwe kamba, maana kasa hupanda kutaga na mbwa hufukua mayai, na kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Tumbili na mbega wasikimbizwe. Nyani usimwachie mbwa hata mara moja, nyani ana meno marefu kuliko ya mbwa. Swila akimtemea mbwa machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha daktari.

Kinyesi kiokotwe, hasa ufuoni. Minyoo ya mbwa huacha viluwiluwi mchangani, navyo hupenya nyayo za watoto wa kijiji wanaocheza peku, na kuchora mistari inayowasha chini ya ngozi. Hakuna jambo litakaloifanya nyumba ichukiwe haraka kama hilo.

Ujumbe unaotumwa kabla ya kupokea amana

Tangazo la maneno matatu lilibadilishwa. Sasa mgeni akiuliza, hutumiwa huu, naye hujibu kwa maandishi:

"Tafadhali tutumie: idadi ya mbwa, uzito wa kila mmoja, na umri. Picha ya kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, isiyopita mwaka mmoja. Kama ni chanjo ya kwanza, iwe imepita siku 21. Jina la dawa ya kupe aliyopewa na tarehe. Mbwa huoshwa kwenye kituo kabla ya kupanda barazani, hulala kwenye matandiko yake, halishwi katika vyombo vya nyumba, na haachwi peke yake ndani. Wafanyakazi wetu ni Waislamu. Mbwa aliyelowa tafadhali mshike mbali nao. Tutamkagua pamoja nanyi mkifika na mkiondoka, dakika kumi."

Swali la dawa ya kupe lina sababu. Vidonge vya kisasa humuua kupe baada ya kuuma, kwa hiyo mbwa aliyepewa jana usiku bado anaweza kufika na kupe walio hai. Takeni iwe siku mbili au zaidi kabla ya safari. Kidonge cha fluralana hudumu takriban wiki 12, cha afoksolana mwezi mmoja. Aliyempaka mbwa wake mafuta ya injini au ya taa asipokewe hadi daktari amwone.

Ukaguzi wa dakika kumi hufanywa kituoni: ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, chini ya mkia. Picha nne hupigwa, zikatumwa kwa mgeni palepale. Amana hulingana na gharama ya mpulizo mmoja pamoja na ufuaji wa mapazia, wala si kiasi cha kutisha. Leseni ya mbwa iulizwe pia: Katiba ya 2010 imeweka leseni za mbwa mikononi mwa kaunti, na anayetoka kaunti moja kwenda nyingine aje na karatasi zake. Nyumba nayo iwe na leseni ya utalii kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya 2011, maana siku mbwa atakapomuuma mpita njia, hilo litaulizwa. Kidonda cha kuumwa na mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ileile, hata kama kadi ya chanjo iko mezani.

Mke wa mtunzaji aliombwa radhi, ana kwa ana, si kwa simu. Ndiye aliyeamua karai jekundu likae wapi, na ndiye anayeshika kitambaa cheupe kila wageni wenye mbwa wakiondoka, maana macho yake ndiyo yaliyoona kupe kwanza. Kituo kinafanya kazi, ila chujio bado linasahauliwa siku za Jumapili.

Kilichobaki ni paa. Makuti ya upande wa baharini yamechakaa na yatateremshwa kabla ya mvua za masika. Siku hiyo boriti zitakuwa uchi kwa mara ya kwanza tangu nyumba iezekwe, na pampu iwe tayari chini: boriti zipulizwe, viungo vyake na ukuta vizibwe, zikauke usiku mmoja, ndipo makuti mapya yapande. Nafasi hiyo ikipita hairudi kwa miaka kadhaa.